Reli, mkopo na shaba isiyoyeyushwa: mmeuliza kuhusu OpenTTD

*Yaya, kompyuta yangu ni ya zamani na mega za intaneti nanunua kidogo kidogo. Huu mchezo wa kampuni ya usafirishaji nitauweza? (Mwanafunzi, Katuba, Lubumbashi)*

Utauweza. Ulianza mwaka 2004 kwa kufuata mchezo wa Transport Tycoon Deluxe wa Chris Sawyer, uliotoka 1995, kwa hiyo hauhitaji mashine kubwa. Ni wa bure. Ukishaupakua, unacheza bila intaneti, na Kifaransa kimo.

*Treni zangu mbili za makaa ya mawe hazipumziki, lakini faida ni ya kununulia ndizi tu. Nakosea wapi? (Baba wa watoto watatu, Kampemba)*

Baba, nadhani umechagua mgodi ulio jirani na kituo cha umeme, kama tunavyofanya wote mwanzoni. Malipo yanaangalia wingi wa mzigo, umbali, na muda uliotumika njiani. Na umbali unapimwa toka stesheni hadi stesheni, si kwa urefu wa reli. Ukiizungusha reli kama nyoka, hulipwi hata senti ya zile kona. Tafuta mgodi wa mbali zaidi. Makaa huvumilia safari ndefu, abiria na barua hawavumilii. Tena, treni zikikawia kufika, alama ya stesheni inashuka na mgodi unakupa mzigo mdogo. Waamuru madereva wasubiri mabehewa yajae.

Ila nenda polepole. Unaanza na mkopo wa 100,000 na kwa kawaida unaweza kuufikisha 300,000. Kampuni yangu ya kwanza niliukopa wote, nikajenga daraja la kujionyesha, kisha nikaweka treni sita kwenye reli moja yenye ishara nilizozipanga vibaya. Zilikutana katikati, zikabaki zinatazamana mpaka nikafilisika.

*Mimi napeleka bidhaa mpakani Kasumbalesa. Mchezo utanifundisha biashara? (Mama mfanyabiashara, mtaa wa Kenya, Lubumbashi)*

Nusu, Mama. Utakufundisha riba, na gari la zamani linavyokula faida kwa kuharibika kila mara. Kuuza hautakufundisha. Humo hakuna mpaka, hakuna forodha, hakuna foleni ya malori, hakuna mteja wa kubishana naye bei. Kiwanda kinapokea shaba yote unayoleta, leo na kesho, na bei haishuki kwa sababu umeleta nyingi mno. Ukichagua nchi ya joto, mawe ya shaba yanaingia kiwandani pamoja na mpira na mbao, zinatoka bidhaa. Tanuru la kuyeyushia halipo! Sisi tuliokua tukitazama lile bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi hatuwezi kuacha kucheka.

Kwangu huo ndio udhaifu wake mkubwa, kuliko hata picha zake za kizamani. Ukishapata njia tatu nzuri, pesa zinajaa na hofu inaisha. Baada ya hapo unacheza kwa kupenda reli tu. Mimi nazipenda, kwa hiyo bado nacheza.

*Ni kweli kuna kutoa hongo ndani yake? Nataka kumpa mdogo wangu. (Kamalondo)*

Kweli. Mji ukikukatalia kujenga, unaweza kuihonga serikali yake; ukigunduliwa, jina lako linaharibika kabisa. Chaguo hilo linazimwa kwenye mipangilio, lizime kabla hujampa. Mwonyeshe njia ya miti: akiikata, mji unamchukia, akiipanda, wanamruhusu kujenga.