Fomu ya maswali pekee haitoshi kupima afya ya wanafunzi

Dada, umeuliza kama fomu ya maswali inatosha kujua maisha ya wanafunzi wenzako yanahatarisha afya yao kiasi gani. Haitoshi. Nilifanya kazi hiyo hapa Lubumbashi kwa memwari yangu, utafiti wa kumaliza chuo, na swali la chumvi ndilo lililonipoteza zaidi.

Niliandika: "Unaongeza chumvi mezani?" Karibu wote wakajibu hapana. Jioni moja vijana watatu wakanikaribisha chumbani kwao kula bukari (ugali) kwa makayabu, samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Mpishi alimloweka yule samaki kidogo tu, akamwaga maji mara moja, kisha akaponda vipande viwili vya kiungo cha supu mchuzini. Mezani hapakuwa na chumvi hata punje. Fomu yake ilisema kweli, ila mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Uliza kinachoingia sufuriani, na mara ngapi kwa juma.

Spoti ni vilevile. Binti mmoja alijibu hafanyi, nikamhesabu miongoni mwa wasiojishughulisha. Kumbe anatembea kutoka mtaa wa Katuba hadi mjini, dakika 50 kwenda na 50 kurudi, siku tano. Kinachoshauriwa ni angalau dakika 150 kwa juma! Na pombe usiihesabu kwa chupa tu, maana lutuku, pombe kali ya kienyeji, hainywewi kwa chupa.

Tansio, yaani shinikizo la damu, ipime kwa subira. Sisi tulikuwa tunawapima watu mlangoni, wametoka kupanda ngazi. Kijana mmoja akatoka 152/94, mikono ikaanza kumtetemeka. Baba yake alikufa kwa tansio. Nikamkalisha dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, bila maongezi. Nikarudia mara tatu, na ya mwisho ikawa 126/80. Hata ikibaki 140/90 au zaidi, usimwite mgonjwa kwa kipimo cha siku moja. Arudi siku nyingine.

Jambo hili nakuomba sana: kabla hujampima mtu wa kwanza, tafuta daktari atakayewapokea wale ambao namba zao hazitashuka. Mimi sikufanya hivyo. Wawili walibaki juu, nikawapa kikaratasi chenye namba na kuwaambia waende hospitali. Hadi leo sijui kama walikwenda.