Ratiba ya mambo tisa na gauni nyuma ya mlango

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 27, najitegemea. Tangu mwaka uanze nimeandika ratiba za kubadili maisha mara nne na zote zimekufa. Ya mwisho ilikuwa hivi: kuamka saa kumi na moja alfajiri, mazoezi, kusoma kurasa 20, kuandika mapato na matumizi, kutoshika simu nikiwa kazini, kujifunza kudarizi, kuweka akiba, kutochelewesha nguo za watu, kulala saa nne. Nilisikia kwamba jambo ukilifanya siku 21 mfululizo linakuwa tabia. Nikafika siku ya 12. Ya 13 nikaamka saa mbili na nusu, nikaichana karatasi. Wateja nao wamenichoka. Hivi sasa suruali mbili na gauni moja vinaning'inia nyuma ya mlango, na mwenye gauni ameshakuja mara tatu. Mwenzangu niliyejifunza naye kazi ana mafundi watatu chini yake. Je, uvivu huu ni wa kuzaliwa?

Fundi wa Kesho

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mvivu haandiki ratiba mara nne. Anaandika mara moja, tena anasahau alikoiweka. Huyo mwenzako mwenye mafundi watatu naye mwache, hujui analala saa ngapi wala anadaiwa na nani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilichukua kalamu nikahesabu: mambo tisa, yote yaanze siku moja. Kisha nikarudi kwenye lile gauni, nikaona ugonjwa ni mmoja. Mteja akikuuliza "lini?", unamjibu kesho kwa sababu kesho itamfurahisha. Ukijiuliza mwenyewe utabadilika lini, unajipangia mambo tisa kwa sababu yanakufurahisha wewe. Mikono ni ile ile miwili. Kinachokuponza ni mdomo kuahidi kabla mikono haijaulizwa.

Hebu tuufuate usiku wa siku ya 12. Hukuniandikia, ila nabahatisha: kulikuwa na mtu uliyemwahidi nguo yake asubuhi, mchana ukapokea ya mwingine "ya haraka", ukakesha. Tuseme ulilala saa nane. Mwili wa mtu mzima unadai angalau saa saba za usingizi, kwa hiyo ile saa mbili na nusu ulikuwa unalipwa deni, tena halikuisha. Ratiba iliuawa na ahadi ya mchana. Wewe ukakamata mto na blanketi.

Na hizo siku 21, zina asili yake. Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akirekebisha sura za watu kwa upasuaji, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Alikuwa anazungumzia mtu kuzoea pua yake kwenye kioo! Njiani lile neno "angalau" likadondoka, na pua nayo ikadondoka. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walitoa utafiti wa watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia, kila mtu moja tu. Wastani wa muda hadi tabia ijiendeshe yenyewe ulikuwa siku 66, na makadirio yao yalianzia siku 18 hadi 254. Tena kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Karatasi yako ilichanwa bure.

Mimi nilikuwa mpiga chapa, enzi za mashine za kugonga kwa vidole. Droo yangu ya chini ilijaa barua zisizojibiwa, na mkubwa wangu akiuliza nasema "jioni". Nilijaribu kufika kabla ya watu wote; nikawa nawahi kuja kukaa. Kilichoniokoa ni kifuniko. Kila jioni lazima nifunike mashine vumbi lisiingie, na hilo sikulisahau hata siku moja. Basi nikaanza: kabla sijafunika, natoa barua moja kwenye ile droo, nachomeka karatasi kwenye mashine, nagonga tarehe na jina la mwandikiwa. Basi, naenda zangu. Asubuhi nikifunua naikuta imeshaanza, na kazi iliyoanza inavutia mkono. Droo ilichukua miezi mitano kwisha. Siku kadhaa nilisahau, na siku moja nilifunika makusudi, kwa hasira tu.

Baadaye nikaja kusoma kwamba mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, ametafiti sana jambo hili: mtu anayejipangia "likitokea hili, nafanya lile" hutekeleza kuliko mwenye nia tupu ya kufanya.

Wewe pia una cherehani unayoifunika. Kwa hiyo, kabla hujaifunika, fungua daftari. Andika nguo uliyoishughulikia leo na muda iliokula kwa kweli: kupima, kukata, kushona, zipu, pindo, vifungo, pasi. Wengi wenu mnahesabu kushona tu, mnasahau kwamba zipu ikigoma inakula nusu saa na umeme ukikatika pasi inalala. Mistari mitatu inatosha. Baada ya wiki mbili utajua gauni moja linakula muda gani mikononi mwako, wala si kichwani mwako. Mteja akiuliza "lini?", mkono uende kwenye daftari kwanza. Mwambie siku unayoiona pale, ongeza moja. Atakunja uso, na wachache wataenda kwingine. Waache.

Yale manane mengine yafungie kwa sasa. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, ambaye naye alianza kama fundi, wa kuchapisha magazeti na vitabu, alijiandikia maadili 13 kwenye kijitabu akawa anashughulika na moja kwa wiki, na bado alikiri kwamba la utaratibu lilimsumbua sana. Kuamka alfajiri kutakuja siku ambayo hukeshi. Kudarizi kunaweza kusubiri. Nguo mpya za kudarizi zingekuwa ahadi nyingine nyuma ya mlango.

Daftari lianze leo usiku, lakini kabla ya hapo shika simu. Mpigie mwenye gauni, usimngoje aje mara ya nne. Usimsimulie habari za umeme wala ugonjwa. Litazame gauni kwanza, hesabu kilichobaki, halafu mtajie siku kwa jina lake.