Frieren: ni miaka 78 hivi, si 28

Umeuliza ni miaka mingapi imepita tangu Mfalme wa Mashetani auawe hadi safari mpya ya Frieren, yule mchawi wa jamii ya elf (viumbe wanaoishi muda mrefu sana) kwenye manga, yaani katuni ya Kijapani, yenye jina lake. Ni kama 78, mkuu. Ile "miaka 28 baada ya kifo cha Himmel", shujaa aliyeongoza kundi la kina Frieren lililomuua mfalme huyo, inayoandikwa kwenye manga Frieren na mwanafunzi wake Fern wanapompata mpiganaji kijana Stark, haihesabiwi tangu Mfalme wa Mashetani auawe, na Himmel aliishi nusu karne nzima baada ya ushindi. Rudi sura ya kwanza: usiku mashujaa waliporejea mji mkuu wanatazama vimondo vya Era, vinavyoonekana kila baada ya miaka 50, na wanaahidiana kuvitazama tena pamoja. Frieren anarudi kutimiza ahadi, anamkuta Himmel kibabu kifupi chenye kipara na ndevu nyeupe, na muda si mrefu wanamzika. Basi 50 jumlisha 28.

Wanaopata 88 wanaongeza ile miaka 10 ya safari ya mashujaa, wakati hiyo ilikwisha kabla hesabu haijaanza. Na wahusika wakitaja miaka 80 wanakadiria tu.

Ila 28 ni ya hapo kwa Stark. Frieren alipofika kwa Heiter, kasisi wa kundi lile la mashujaa, na kumkuta Fern bado mtoto, ilikuwa miaka 20 baada ya kifo cha Himmel, na namba inasogea kadiri safari inavyoendelea. Kwa tukio lolote la safari hii mpya, tafuta maandishi ya mwaka yaliyo karibu nalo, ongeza 50. Usimtegemee Frieren mwenyewe, kwake muongo ni kama wikiendi. Kama huna juzuu, anime (toleo la katuni ya video) ya studio ya Madhouse nayo inaonyesha miaka hiyo.