Maswali ya Wasomaji: Mnyama Mwandani Mezani

Kwa wasomaji wapya, mchezo unaozungumziwa hapa ni ule wa kuigiza wahusika mezani, ambao ulianza kuchapishwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Msimamizi husimulia ulimwengu, kila mchezaji hushika mhusika wake, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa kurusha dadu, hasa ile ya pande 20. Wahusika wa aina mbili, yaani mlinzi wa pori, na druidi, ambaye ni kuhani wa msitu, huweza kufuatana na mnyama mwandani. Barua zote nne za safari hii zinamhusu mnyama huyo.

Shikamoo, mwandishi. Tunacheza watu watano hapa Mikindani kwa toleo la tano, lile la mwaka 2014. Mimi ni mlinzi wa pori wa ngazi ya 3 na nimechukua mbwa mwitu. Kila ninapomwamuru ang'ate, mimi mwenyewe nabaki nimeshika upinde bila kupiga. Wenzangu wanasema nimejitwisha mzigo. Je, nimwache? (Mpiga Upinde, Mikindani)

Marahaba. Wenzako hawajakosea kuhusu kanuni. Katika toleo hilo mnyama hutembea kwa amri yako bila kukugharimu kitu, lakini ukimtaka ashambulie, ajihami au amsaidie mtu, amri hiyo inakula tendo lako zima la zamu. Ni kuanzia ngazi ya 5 tu ndipo unapoweza kumwamuru ashambulie na wewe ukapiga pigo moja la silaha yako katika zamu hiyohiyo. Ngazi mbili hizi za mwanzo ni za kuvumilia, na sitaki kukuficha hilo.

Hata hivyo, nadhani nyote mnampima mnyama kwa meno yake, na kipimo hicho ndicho kinachowapoteza. Kanuni inataka mnyama asizidi umbo la wastani wala kiwango cha ugumu cha robo, yaani kipimo cha kitabuni cha ukali wa mnyama, kisha inampa pointi za uhai mara nne ya ngazi yako kama hesabu hiyo inazidi pointi zake za kawaida. Mbwa mwitu wa kitabuni ana pointi 11, kwa hiyo kwako anapata 12. Panya mkubwa ana 7 tu, lakini kwako naye anapata 12 zilezile. Tofauti ya uhai imekwisha hapo, na kilichobaki ni kuuliza ni kazi gani ambayo hakuna mtu mezani kwenu anayeifanya.

Kama hamna mpelelezi, ningekushauri kwa moyo wote umfikirie huyo panya. Anaona gizani, ana pua kali, na kama mbwa mwitu, hupiga kwa uhakika zaidi rafiki anapokuwa karibu na adui. Sisi wa Kusini hatuhitaji kuelezwa panya buku ni mnyama gani. Shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, limewafundisha panya hao kunusa baruti, na wamefanya kazi hiyo ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa imeondolewa mabomu ya ardhini mwaka 2015. Panya ni mwepesi mno kulipua bomu analolikanyaga, na malipo yake ni kipande cha ndizi baada ya kusikia mlio mdogo unaomjulisha kwamba amepatia. Mpelekee msimamizi wenu habari hiyo kabla ya kucheza, mkubaliane panya wako anaweza kutambua harufu zipi: sumu, maiti iliyofichwa, mafuta ya taa yaliyomwagwa sakafuni. Kitabu kinampa pua tu, na matumizi yake ni makubaliano yenu.

Ukiamua kubaki na mbwa mwitu, muombe msimamizi akubali nyongeza ya kanuni iliyotoka mwaka 2020, ambamo unachagua mnyama wa nchi kavu, wa majini au wa angani, unamwamuru kwa tendo dogo la nyongeza, na usipomwamuru anajihami mwenyewe. Malalamiko ya wenzako yatakuwa yamekwisha.

Mhariri, mimi ni druidi wa ngazi ya 7 kwa vitabu vya mwaka 2003. Tangu ngazi ya 1 nina mbwa mwitu. Sasa orodha inaniruhusu simba. Kuna sababu yoyote ya kutomchukua? (Msomaji, Masasi)

Zipo, ndugu yangu, na ni za hesabu kabla ya kuwa za huruma. Simba yumo katika orodha ya ngazi ya 7, na anayemchukua huhesabiwa, kwa upande wa nyongeza anazopata mnyama, kana kwamba ana ngazi 6 pungufu. Maana yake simba wako anaanza kama mwandani wa druidi wa ngazi ya 1, akiwa na dadu zake 5 za uhai, yaani zile zinazorushwa kupata pointi zake za uhai, bila nyongeza. Mbwa mwitu alianza na dadu 2, lakini kwa ngazi yako ameongezewa 4, kwa hiyo anazo 6, ngozi yake imekuwa ngumu zaidi, na amejifunza kukwepa moto na kupinga uganga wa kumteka akili. Simba hana hata kimoja kati ya hivyo viwili. Anachomzidi nacho mbwa mwitu ni shambulio la kwanza, anaporuka na kutumia makucha na meno kwa pamoja, na shambulio hilo ni zito kweli.

Kisha kuna mafunzo. Mnyama wa kawaida aliyefundishwa kushambulia hushambulia watu na wanyama wenzake, lakini hukataa kumgusa maiti anayetembea mpaka afundishwe jambo hilo kwa nafasi ya pili ya mafunzo, na kila funzo huchukua wiki nzima. Mbwa mwitu wako ana nafasi tatu za ziada, simba ana moja. Kama hadithi yenu imejaa makaburi, mimi ningebaki na mbwa mwitu.

Niseme pia kwamba mnyama wa kitabuni si yule mbwa mwitu wetu mwenye mabaka, anayewinda kwa kundi katika mapori ya Liwale na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ni mnyama wa nchi za baridi. Lakini namba zake zinamfaa wa kwetu bila kubadilishwa, na kumsimulia akiwa na masikio mapana ya duara kutawapendeza wanaomjua.

Mnyama wangu amekufa. Nifanye nini? (Msomaji, Nachingwea)

Pole sana. Kwa vitabu vya 2003 druidi hufanya ibada ya saa 24 na kumpata mwingine. Kwa toleo la 2014 mlinzi wa pori hutumia saa 8 kufungamana na mnyama mpya. Kwa nyongeza ya 2020, ukiwahi ndani ya saa moja, unaweza kumrudisha yuleyule kwa kutumia sehemu ya nguvu zako za uganga.

Sisi ni wa Lindi. Kwa nini nisichukue dinosau wa Tendaguru? Msimamizi anasema hayumo kitabuni. (Mwanafunzi, Lindi)

Mwanangu, swali lako limenifurahisha kuliko yote. Kilima cha Tendaguru kilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, na mifupa ya Giraffatitan iliyotoka huko imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Huyo huwezi kumwingiza pangoni. Lakini palitoka pia Kentrosaurus, mla majani wa urefu wa mita 4 hadi 5 hivi, mwenye mabamba mgongoni na miiba mirefu mkiani.

Kwa kanuni za 2003, mwombe msimamizi achukue namba za kifaru, aliye katika orodha ya ngazi ya 7, na badala ya pembe aweke mkia. Nguvu ya ziada ya kifaru anapokuja mbio iondolewe, kwa kuwa mkia hupiga nyuma na ubavuni. Badala yake, adui anayemkaribia kwa nyuma ndiye aumie zaidi. Hapo hakuna atakayesema umependelewa.

Namna ya kumpata imo katika historia yenyewe. Wapagazi waliibeba mifupa ile kwa miguu, siku kadhaa za njia, hadi bandari ya Lindi. Mhusika wako anaweza kuwa mmoja wao, ambaye mzigo wake, usiku wa pili njiani, umeanza kupata joto.