Maswali ya Wasomaji: Kocha ni Muislamu, kituo ni cha kanisa

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni meneja wa kituo cha michezo cha vijana hapa Dar, kipo chini ya kanisa ila watoto wanaokuja ni wa dini zote maana mtaa wenyewe ndo ulivyo. Tulitangaza nafasi ya kocha wa basketi, aliyewashinda wote ni kijana Muislamu ambaye ameshajitolea hapa miaka miwili bila hata nauli, na watoto wanamsikiliza kuliko sisi. Sasa bodi inataka kila mfanyakazi alete barua ya mchungaji, wanasema ndo tunu za kituo. Nifanyeje? Sitaki kumpoteza, na kugombana na wazee naogopa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sheria kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa dini yake, hata yule anayeomba kazi tu, isipokuwa pale kazi yenyewe inapodai hivyo. Mkitafuta mtu wa kuongoza ibada, kutaka awe muumini wenu ni sawa kabisa. Kufundisha watoto kudunda na kushuti sio ibada.

Na wakumbushe wazee huo mchezo ulipotoka. James Naismith aliubuni Desemba 1891 kwenye chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, pale Springfield, Marekani, na alikuwa amesomea theolojia, ila kwenye kanuni zake 13 za mwanzo aliandika marufuku kusukumana, kushikana, kupigana ngwala. Tunu aliziweka ndani ya mchezo wenyewe, mtoto azitende uwanjani.

Barua nzuri haikwambii mtu anaishije na watoto. Niliwahi kuwa kwenye kamati ya kituo kimoja, tukaajiri mtu mwenye barua safi kabisa, miezi mitatu baadaye tukagundua anawachapa watoto nyuma ya stoo, mpaka leo naumia nikikumbuka. Kwa hiyo andikeni maadili ya kazi na kila mtu asaini, akiwemo mchungaji: hakuna kumpiga wala kumtukana mtoto, hakuna kukaa naye peke yenu chumba cha kubadilishia nguo, sala ya kufungua mazoezi inaheshimiwa na asiyesali halazimishwi. Alikowahi kufundisha pigeni simu muulize. Ramadhani ikifika mkae naye mpange muda wa mazoezi, hilo ni dogo.

Ila kilichoniuma zaidi ni hiyo miaka miwili bila nauli. Kusema ni kazi ya Mungu halafu kijana anatembea kwa miguu kuja kuwalelea watoto wenu, hapana, hizo tunu hapo zimeshavunjwa na barua haizirudishi.

Usisubiri kikao. Mfuate mwenyekiti kwanza, peke yake, mwombe aje jioni moja mazoezini akae pembeni aangalie tu. Na nauli ya kijana anza kuitoa wiki hii hii kwenye hela ya matumizi madogo.