Vyambo vya wadudu kwenye maji ya chumvi

SWALI: Naongoza wageni wanaovua kwa fimbo hapa Pemba. Mmoja wao ameniachia kisanduku cha vyambo vya manyoya, karibu arubaini, vingi vya wadudu wa majini. Nimevijaribu siku tatu kwenye majani ya bahari, maji yakianza kujaa, sikupata hata changu mmoja. Nitajuaje kila kimoja ni mdudu gani, na kipi kinafaa huku? (Msomaji, Wete)

JIBU: Kosa si lako. Vyambo hivyo vimefungwa kwa ajili ya trauti wa mito ya baridi, kama ile ya Aberdare na Mlima Kenya. Wadudu wanaoishi baharini ni wachache mno, na samaki wa kwetu hawawangojei.

Kuvitambua, anza na mbawa. Zikisimama wima kama tanga la ngalawa, huyo ni mdudu ambaye akishaota mbawa huishi siku moja au mbili tu. Zikiinama pande mbili kama paa la makuti, ni yule ambaye utotoni wengi wa jamii yake hujijengea kifuko cha mchanga na vijiti. Zikilala bapa mgongoni, na mikia ni miwili, ni mdudu wa chini ya mawe ya mto uendao kasi. Kisicho na mbawa ni mtoto wa mdudu: hesabu mikia. Mitatu myembamba kama nyuzi, mara nyingi ni wa yule wa tanga. Mitatu mipana kama vijani, ni wa jamii ya kereng'ende. Vyote hivyo mwekee mgeni anayekwenda bara.

Kwa huku, chukua chekeche la unga na sahani nyeupe. Maji yakipwa, ingia hadi magotini, pitisha chekeche chini ya majani, kisha mimina ndani ya sahani yenye maji ya bahari. Tazama kwa utulivu. Utaona uduvi: macho yamechomoza kwenye vijiti, mwili unapenyeka nuru, rangi ni ya pale anapoishi, kijani majanini, kahawia mchangani. Mguse kwa kijiti: anaruka kinyumenyume. Mruko huo ndio wa kuiga, kwa kuvuta mshipi mfupimfupi, kama shubiri moja, na kutua. Chambo cha kaa, kinyume chake, kiache kizame na kitulie. Ukishatazama, rudisha vyote majini.

Chambo cha uduvi kifunge kwenye ndoana namba 4 hadi 8 (namba ikikua, ndoana inapungua), ya chuma kisichoshika kutu. Ndoana nyingi za mtoni hazikuwekwa kinga ya chumvi na huliwa na kutu haraka. Hata hizo nzuri zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi na uzianike kabla ya kufunga kisanduku.

Jambo moja linalowakosesha wengi kolekole: samaki akishika, elekeza fimbo kwake, uvute mshipi kwa mkono. Ukiinyanyua fimbo kama wavuvi wa trauti, chambo kinamtoka mdomoni kabla ndoana haijazama.