Maswali Yenu: Tamthilia inakatwa utamuni

SWALI: Mhariri salamu, mimi ni mpenzi wa tamthilia za Kituruki na hii stesheni nayotazama inanitoa roho. Wanatangaza wiki nzima saa mbili na nusu, unakaa unangoja inaanza saa tatu kasorobo, sasa dada wa watu ndio anashika kitasa ajue mumewe yuko na nani humo chumbani, paap! majina ya waigizaji hayo. Halafu yanaingia matangazo ya kamari sauti juu mpaka mtoto anaamka. Hawa tunawashtaki wapi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Pole sana dada, na hujalia peke yako. Hilo la kitasa lina sababu. Kule Uturuki episodi moja huwa inapita masaa mawili, wanaonyesha mara moja kwa wiki. Ikiuzwa nje inakatwakatwa vipande vya kama dakika 45, yaani moja inazaa mbili au tatu, so aliyeandika hakupanga iishie hapo, ni mkasi tu. Stesheni nayo ikichomeka matangazo yake ndio unabaki na kitasa.

Kuchelewa kuanza, hapo sina dawa. Lalamika kwenye kurasa zao, ukichoka hama chaneli, wanaolipia matangazo wanawafuata watazamaji.

Sauti je? Mara nyingi tangazo halipiti pale juu kabisa kipindi kinapofika, ila limebanwa likawa juu mwanzo mwisho, na tamthilia ina kunong'ona na kununiana kwingi. Marekani wana sheria ya hilo, imeanza kazi Desemba 2012. Sisi tuna rimoti.

Kamari sasa, hapo usinyamaze. Kwa kanuni za utangazaji Kenya, saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku ni muda wa kulinda watoto, na Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwa hiyo hata serikali inajua kuna shida. Waandikie stesheni kwanza, wakikupuuza peleka Mamlaka ya Mawasiliano. Na usiandike "vipindi vyenu vibaya", hiyo inatupwa. Taja chaneli, tarehe, saa, tangazo lilisema nini na kipindi gani kilikuwa kinaendelea, ukiweza rekodi kavideo na simu, saa ya kwenye skrini ionekane.